Kugandisha neva ya kisogo kwa maumivu sugu ya kichwa: mwongozo wa mgonjwa

Maswali ni yale yale kila mwezi. Kuna matibabu ya kugandisha mshipa wa fahamu hadi kichwa kikatulia, ni kweli? Inauma? Nywele zitanyonyoka? Nianzie wapi? Kazi yangu ni kuwaandaa wagonjwa na kukaa nao wakishatoka kwenye kitanda cha matibabu. Sindano wanashika wengine. Kwa hiyo nitayaeleza haya kwa upande wa mgonjwa, kuanzia siku unapoanza kuulizia mpaka siku maumivu yanaporudi, ikiwa yatarudi.

Jibu fupi: ni kweli, lakini ni kwa kichwa cha aina fulani tu. Neva, yaani mshipa wa fahamu, inayogandishwa mara nyingi ni neva kubwa ya kisogo. Inatoka sehemu ya juu ya shingo, kwenye pingili ya pili, inapenya misuli ya shingo na kupanda juu ya ngozi ya kichwa hadi karibu na utosi. Wengine hugandishwa neva ndogo ya kisogo, inayopita nyuma ya sikio, au ile ya tatu iliyo karibu na kiungo cha pingili ya pili na ya tatu. Kama maumivu yako hayatoki kwenye neva hizo, barafu haitakusaidia, hata aliyeshika mashine awe bingwa wa mabingwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kupima. Kugandisha kwenyewe hakuchukui hata saa moja.

Kuhusu namna inavyofanya kazi, yatosha haya. Chombo ni kijiti chembamba cha chuma chenye njia ndani yake. Gesi ya nitrasi oksaidi au kabonidayoksaidi inasukumwa hadi nchani kwa shinikizo, inatanuka ghafla na kupoa, kama mdomo wa mtungi wa gesi unavyoshika umande ukifunguliwa kwa nguvu. Gesi haiingii mwilini, inarudi kupitia kijiti hicho hicho. Ncha hufikia kama nyuzi 70 chini ya sifuri, na kidonge cha barafu chenye upana wa milimita chache kinafanyika kuizunguka. Neva iliyonaswa humo inapoteza nyuzi zake za ndani, ila ala yake inabaki nzima, na nyuzi zinaota upya ndani ya ala hiyo kwa mwendo wa milimita 1 hadi 2 kwa siku. Ndiyo kusema nafuu ni ya muda, na ganzi nayo ni ya muda.

Wazo lenyewe si geni. James Arnott, daktari wa Uingereza, alikuwa akituliza vichwa kwa barafu iliyochanganywa na chumvi katikati ya karne ya 19. Vijiti vya kisasa vilikuja miaka ya 1960, na matumizi yake kwa maumivu sugu yakapata jina mwaka 1976 kwa kazi ya madaktari wa Uingereza.

Onyo moja kabla ya yote. Pakiti ya barafu uliyoifunga kwa kitambaa na kuiweka kisogoni kwa dakika 15 inaweza kukupoza, wala sina ugomvi nayo, lakini haigandishi neva yoyote. Nitrojeni ya maji, ile ya kuchomea chunjua kliniki ya ngozi au ile wanayobeba wahamilishaji wa ng'ombe kwenye mitungi, usiiguse kabisa. Itakuachia kidonda cha baridi na neva itabaki pale pale ilipokuwa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Daftari na kalamu, au simu kama una nidhamu ya kuandika kila siku.
- Orodha ya dawa zote unazomeza, pamoja na za kienyeji na zile za dukani ambazo huzihesabu kuwa ni dawa.
- Kipimo cha shinikizo la damu cha hivi karibuni. Kwa mwenye kisukari, rekodi ya sukari pia.
- Majibu ya zamani: picha za shingo, CT au MRI ya kichwa kama uliwahi kupigwa. Beba picha zenyewe, usitegemee maneno ya "niliambiwa ni kawaida".
- Mtu mmoja wa kukusindikiza siku ya sindano na siku ya kugandisha.
- Subira ya wiki sita hivi. Anayetaka kufika leo na kugandishwa kesho, kwa kawaida hugandishwa neva isiyo na kosa.

Hatua ya 1: Hakikisha si hatari ya haraka

Acha kusoma, nenda hospitali leo, ikiwa kichwa kimekupiga ghafla kwa nguvu ambayo hujawahi kuipata. Au kina homa na shingo ngumu. Au mkono, mguu au upande wa uso umelegea. Au ulimi umekuwa mzito, macho yanaona viwili, umepoteza fahamu, au umepata degedege. Vivyo hivyo ikiwa kichwa kimeanza baada ya kuanguka au ajali, kimeanza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 50, kinazidi ukikohoa au ukiinama, au una ujauzito. Mwenye VVU au saratani asikubali kuambiwa "ni msongo tu" kabla hajapimwa. Homa ya uti wa mgongo inayoletwa na fangasi huanza polepole sana, na wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuwa analalamika kichwa peke yake.

Kwetu pia kuna malaria na presha. Zipime kwanza, ni kazi ya nusu saa.

Hatua ya 2: Andika kichwa chako kwa wiki nne

Chora safu tano: tarehe, kilianza saa ngapi na kuisha saa ngapi, kilianzia wapi na kikaelekea wapi, ukali kutoka 0 hadi 10, na dawa uliyomeza. Basi. Usijaze falsafa ya hali ya hewa na chakula mpaka daftari likakuchosha siku ya tatu.

Safu ya "kilianzia wapi" ndiyo yenye thamani. Maumivu ya neva ya kisogo yana tabia zake: yanaanzia nyuma, chini ya mfupa wa kisogo, mara nyingi upande mmoja, yanachoma au kupiga kama shoti ya umeme kwa sekunde au dakika, ngozi ya kichwa inakuwa na uchungu hata ukichana nywele au ukilaza kichwa kwenye mto, na pana sehemu ukiibonyeza unaruka. Wengine huhisi yakifika hadi nyuma ya jicho, na hapo ndipo yanapodhaniwa kuwa sainasi.

Kipandauso kina sura nyingine: saa nyingi au siku, kichwa kinadunda, kichefuchefu, mwanga na kelele havivumiliki. Mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili, na daftari ndilo litakalovitenganisha.

Kosa la kawaida: kuandika siku mbaya tu. Andika na siku nzuri. Daktari anahitaji kuhesabu siku za kichwa kwa mwezi. Zikifika 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, ndipo kinaitwa sugu.

Hatua ya 3: Hesabu vidonge

Hapa ndipo wengi wanapokwama, na wengi hawapendi kusikia. Dawa za kutuliza maumivu zikimezwa mara nyingi mno, zenyewe huanza kuleta kichwa. Mpaka unajulikana: parasetamoli au ibuprofeni peke yake siku 15 au zaidi kwa mwezi, dawa za mchanganyiko, zile zenye kafeini ndani, pamoja na kodeini, tramadoli na dawa za kundi la triptani (za kutuliza kipandauso), siku 10 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu. Angalia unahesabu siku. Vidonge vinne vya siku moja ni siku moja.

Ukiwa umevuka mpaka huo, tatizo hilo ndilo la kutibiwa kwanza. Hakuna mashine itakayogandisha kichwa kinachotokana na vidonge. Daktari atakupangia namna ya kuacha na pengine dawa ya kukushikilia wakati huo. Siku za mwanzo kichwa kitazidi, wiki moja au zaidi kidogo, kisha kinaanza kushuka.

Onyo: kodeini, tramadoli na dawa za usingizi usizikate ghafla mwenyewe. Mwili uliozizoea unaweza kukugeuka vibaya.

Nimeona watu wakifika na bahasha ya pesa ya kugandishwa, wakaishia hatua hii na kurudi nyumbani na bahasha yao. Hao ndio ninaowaonea wivu.

Hatua ya 4: Mwone daktari anayejua shingo na neva

Tafuta daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, au kliniki ya maumivu, ambayo mara nyingi huendeshwa na madaktari wa ganzi na usingizi. Akikuchunguza atabonyeza sehemu maalumu: ukichukua mstari kutoka kwenye kinundu cha mfupa wa kisogo hadi mfupa wa nyuma ya sikio, sehemu hiyo iko kama theluthi moja ya njia kutoka kwenye kinundu. Maumivu yako yakiamka pale, na upande ule ule unaoumwa kila siku, ni dalili nzuri. Lakini ni dalili tu, hata misuli iliyokaza huuma ikibonyezwa.

Mwambie ukweli kuhusu mambo mawili ambayo watu huyaruka. La kwanza ni mitindo ya nywele. Rasta nzito au nywele zilizosukwa kwa kuvutwa sana zinaweza kuuma kisogo kila siku, na dawa yake ni kufumua. La pili ni mizigo ya kichwani. Anayebeba ndoo juu ya ngata miaka kumi ana shingo ya kazi, na shingo hiyo inataka mazoezi ya viungo kabla haijatafutiwa barafu.

Hatua ya 5: Sindano ya ganzi ya majaribio

Ukikumbuka hatua moja tu katika mwongozo huu, ikumbuke hii. Kabla neva haijagandishwa ni lazima ithibitishwe kuwa ndiyo yenye kosa. Daktari anaingiza mililita mbili tatu za dawa ya ganzi, lidokeni au bupivakeini, kuizunguka neva. Inachukua dakika chache, na sindano ni nyembamba. Ganzi ikikaa na maumivu yakaondoka, tunajua yalikuwa yakipita njia hiyo.

Siku hiyo fanya hivi:

a) Nenda kichwa kikiwa kinauma. Usimeze dawa ya maumivu asubuhi hiyo, isipokuwa daktari amesema uimeze. Ukifika ukiwa mzima hatutakuwa na cha kupima.

b) Andika ukali kabla ya sindano, kisha baada ya dakika 15, dakika 30, saa moja, na kila saa baada ya hapo hadi ganzi iishe. Lidokeni huisha kwa saa mbili hivi, bupivakeini hukaa zaidi.

c) Gusa ngozi ya kichwa kwa ncha ya kidole, upande wa sindano na upande wa pili. Je, imekufa ganzi? Andika.

d) Fanya vile vitu vinavyokuletea kichwa: geuza shingo, kaa kwenye kompyuta, osha vyombo. Usirudi nyumbani ukalala.

Majibu yanasomwa hivi. Ngozi imekufa ganzi na maumivu yameshuka kwa nusu au zaidi: neva ndiyo, endelea. Ngozi imekufa ganzi lakini maumivu yako pale pale: neva siyo, na kugandisha hakutasaidia, hata kama umeshasafiri mbali. Ngozi haikufa ganzi: sindano haikufika, jaribio halina jibu na lirudiwe.

Madaktari makini hurudia jaribio siku nyingine, kwa sababu matumaini peke yake hutuliza maumivu kwa siku moja. Akikwambia inatosha mara moja, muulize kwa upole kama unaweza kupata ya pili.

Wakati mwingine dawa ya steroidi huchanganywa na ganzi. Mwenye kisukari ajue sukari itapanda kwa siku kadhaa. Steroidi inaweza pia kufanya nywele zipungue pale ilipoingia. Lakini inaweza kukupa nafuu ya wiki nyingi, na wapo ambao safari yao inaishia hapa kwa furaha.

Kwa aliye Dar, Mombasa, Kisangani au Bujumbura: hatua ya 1 hadi ya 5 hazihitaji pasipoti. Lidokeni ni dawa ya kawaida ya hospitali. Cha kutafuta ni mkono unaoijua neva hiyo. Mashine za kugandisha ndizo adimu, hata Ulaya na Marekani utazikuta kwenye kliniki chache. Usikate tiketi ya India wala ya kwingine kabla hujawa na majibu ya sindano mkononi.

Hatua ya 6: Amua kama inafaa, kwa macho makavu

Sindano imejibu ndiyo. Sasa jiulize kama umejaribu vya mbele yake: dawa za kuzuia kama amitriptilini au gabapentini kwa dozi na muda wa kutosha, mazoezi ya shingo chini ya mtaalamu, na sindano za steroidi.

Ushahidi wa kugandisha ni mdogo kuliko matangazo yake. Nchini Norway wagonjwa 52 wenye kichwa kinachotokana na shingo waligawanywa kwa bahati nasibu: 31 wakagandishwa, 21 wakachomwa steroidi pamoja na ganzi. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya zaidi ya nusu. Baada ya wiki sita saba maumivu yakaanza kupanda polepole. Na tofauti kati ya makundi haikuwa ya maana. Kwa upande mwingine, mafaili ya wagonjwa 38 wa Marekani yaliyochambuliwa na kuchapishwa mwaka 2015 yalionyesha nafuu ya wastani wa miezi sita hivi, ila hapakuwa na kundi la kulinganisha.

Mimi nasoma hivi: kama sindano ya kawaida inakupa miezi mitatu ya amani kila mara, baki nayo. Kugandisha kunaingia pale sindano inapokubali lakini haidumu, au pale mwili hauvumilii steroidi tena.

Wapo ambao hawafai: wenye maambukizi kwenye ngozi ya pale pale, wenye damu isiyoganda vizuri, wenye magonjwa ya kudhuriwa na baridi (vidole vinavyogeuka vyeupe na kuuma, ngozi inayovimba kwa baridi, protini za damu zinazoganda kwa baridi), na waliowahi kupasuliwa fuvu upande huo mpaka daktari aone picha. Mwenye betri ya moyo aseme mapema, kwa sababu neva hutafutwa kwa umeme mdogo.

Walioko Marekani wapate jibu la bima kwa maandishi. Kampuni nyingi huko bado huita tiba hii ya majaribio kwa kichwa, na bili hufika baada ya kichwa kupona.

Hatua ya 7: Maswali ya kumuuliza daktari

Uliza neva gani, upande gani. Utaitafuta kwa ultrasaundi, kwa umeme, au kwa vyote? Umewahi kuifanya kwenye kisogo, siyo kwenye goti? Mizunguko mingapi ya barafu? Nikipata tatizo saa nne usiku nampigia nani? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali haya. Anayekuahidi kupona kabisa, mwombe akuandikie ahadi hiyo uone kama kalamu itashuka.

Hatua ya 8: Siku moja kabla

Fumua nywele. Rasta, weaving, mawigi ya kushonea, vyote vitoke, na kichwa kioshwe na kikauke. Kipande kidogo cha nywele kinaweza kunyolewa, kama upana wa sarafu. Usinyolewe kwa kinyozi siku hiyo, kwani mikwaruzo ya mashine ni mlango wa vijidudu. Usipake mafuta wala dawa ya nywele.

Dawa za kuzuia damu kuganda usiziache kwa uamuzi wako. Aliyekuandikia na atakayekugandisha wazungumze wao kwa wao. Mwenye kisukari aulize kuhusu dozi ya asubuhi. Kama utapewa dawa ya kusinzia utafunga kula kwa saa utakazoambiwa. Kama ni ganzi ya sehemu tu, kwa kawaida unakula chakula chepesi. Vaa shati la vifungo mbele, na anayejifunga ushungi achukue mwepesi usiobana kisogo.

Hatua ya 9: Kwenye kitanda

Utalala kifudifudi au utakaa umeegemeza paji la uso. Ngozi inasafishwa, sindano ya ganzi inachoma kwa sekunde chache, kisha unatobolewa tundu dogo la kupitisha kijiti.

Sehemu inayohitaji ushirikiano wako ni ya kutafuta neva. Umeme mdogo unapitishwa nchani, nawe utahisi mtekenyo au mvumo. Sema unaupata wapi hasa. Ukipanda kisogoni kuelekea utosini, wapo mahali penyewe. Shingo au bega likicheza, ncha iko karibu na neva ya misuli na isogezwe. Usiseme "sawa" ili mambo yaishe haraka.

Barafu inapoanza, unaweza kusikia maumivu yako ya kila siku yakiamka kwa nusu dakika, kisha yakazimika kabisa. Wengine husikia baridi, wengine mgandamizo tu. Mzunguko mmoja huwa kama dakika mbili, barafu inaachwa iyeyuke, kisha mwingine; miwili au mitatu kwa neva moja. Usigeuze kichwa hata kidogo. Kijiti kikivutwa kikiwa bado kimegandia, kinaweza kuchana neva. Ngozi ikiungua kwa baridi au ikichoma, sema papo hapo, kwa sababu barafu ikifika kwenye ngozi inaacha jeraha.

Hatua ya 10: Nyumbani

Siku ya kwanza usiendeshe gari. Pumzika kichwa kikiwa juu kidogo. Bandeji ikae hadi kesho yake, na nywele zisioshwe kwa saa 48. Uchungu wa sindano hukaa siku chache. Parasetamoli inatosha, na daftari linaendelea.

Wiki mbili za kwanza usibebe ndoo kichwani, usiinue magunia, usisuke nywele za kuvuta.

Onyo kubwa, na sikulipata kwenye kitabu chochote: ngozi ya kichwa iliyokufa ganzi haijui moto. Dryer ya saluni, chanuo la moto, maji ya kuchemsha ncha za rasta, dawa ya kulainisha nywele: vyote vinaweza kukuunguza usijue mpaka malengelenge yatoke. Mwambie msusi kabla hajaanza. Ganzi inaweza kukaa wiki au miezi.

Mambo yakienda kombo

*Siku ya tano na hakuna nafuu.* Subiri. Wengine hutulia pale pale, wengine huchukua hadi wiki mbili. Zikipita, gusa ngozi: kama haina ganzi hata kidogo, huenda barafu haikuikamata neva. Kama ganzi ipo na maumivu yapo, rudini kwenye majibu ya hatua ya 5 na myasome upya bila aibu.

*Kuna kuungua kupya, ngozi haitaki kuguswa.* Neva imewaka. Hutokea, na mara nyingi huisha kwa wiki chache. Piga simu, kuna dawa za kupunguza.

*Maumivu yameondoka kushoto, sasa yako kulia.* Mara nyingi yalikuwepo, ila yalifunikwa na makali ya upande wa pili. Upande huo nao unaanza na sindano yake ya majaribio.

*Kichwa cha nyuma kimekwisha, cha mbele kimebaki.* Hicho pengine ni kipandauso chako cha siku zote. Endelea na dawa zake za kuzuia.

*Nywele zimenyonyoka kipande, au pana doa jeupe au jeusi.* Barafu ilikaribia ngozi. Nywele kwa kawaida hurudi. Rangi huchukua muda mrefu, na kwenye ngozi nyeusi huonekana zaidi, kwa hiyo anayenyoa upara ajadili hili na daktari mapema.

*Uvimbe unakua, damu haikati, usaha, homa, au kizunguzungu na udhaifu wa mkono.* Hospitali, saa hiyo hiyo, hata kama miadi ni kesho.

*Miezi imepita na maumivu yanarudi.* Neva imeota. Utaratibu unaweza kurudiwa, ila kwanza angalia daftari: kama ni maumivu yale yale, mahali pale pale, ni sawa, kama yamebadilika sura, anza tena hatua ya 1. Siku unayotoka kliniki mara ya kwanza omba nakala ya ripoti inayotaja neva, upande, aina ya kijiti, idadi ya mizunguko na muda wa kila mmoja. Mashine zinahama, madaktari wanahama, na atakayekushika mara ya pili ataanzia kwenye karatasi hiyo.